Nani Ataosha Chupa?

Kila aliyekulia Nairobi anaijua sheria ya chupa ya soda. Ukienda dukani mikono mitupu, mwenye duka anakuambia unywee hapo hapo au uache pesa ya chupa. Ukija na yako, unapewa nyingine iliyojaa na hakuna maneno. Hakuna aliyetufundisha sheria hiyo shuleni, lakini hata mtoto aliyetumwa Fanta kwa ajili ya mgeni alijua kwamba chupa isiporudi, ni yeye atakayeulizwa. Coca-Cola inauzwa Kenya tangu mwaka 1948, na leo, pamoja na plastiki zote zilizotujia, bado utaikuta kwenye chupa ya kioo ya mililita 300, mabega yake yamepauka kwa kukwaruzana na wenzake ndani ya kreti.

Maziwa nayo yalikuwa na chupa yake. Yakaipoteza mapema, kiasi kwamba kijana wa leo ukimwonyesha atadhani ni ya juisi. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini. Mji ni huu huu, watu ni wale wale, barabara zenye mashimo ni zile zile. Ilikuwaje soda ikabaki na chupa yake, maziwa yakanyang'anywa?

Watu wa rika langu wana jibu la haraka: ustaarabu umekwisha. Wanatuma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa picha ya chupa mbili za maziwa zimesimama mbele ya mlango, umande kwenye nyasi, halafu wanamiminika wa kusema "siku zile tulikuwa watu". Mimi huwa nanyamaza. Najua chupa zile zilikuwa zikipitia wapi kabla ya kufika mlangoni, na najua pia milango yenyewe ilikuwa ya nani.

Marehemu baba yangu alikuwa mkaguzi wa chupa katika kiwanda cha maziwa. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye stuli mbele ya ubao mweupe uliowashwa taa kwa nyuma, chupa tupu zikipita mbele yake kwenye mkanda, naye akiziondoa zenye kasoro. Mdomo uliomeguka. Uchafu uliokaukia chini, kwenye pembe ambayo brashi haifiki. Ufa wa shingoni ulikuwa ndio mgumu zaidi, kwa sababu ukiutazama uso kwa uso hauonekani. Ni mpaka chupa ipite pembeni kidogo ndipo unameta mara moja kama uzi wa buibui na kupotea. Ukiuacha upite, chupa inapasuka ikijazwa, au mbaya zaidi, inapasuka jikoni kwa mtu. Wakaguzi walipokezana baada ya muda mfupi mfupi, kwa sababu jicho likichoka huanza kuziona chupa zote kuwa safi. Hata alipostaafu, baba hakuweza kunywa kitu chochote kwenye bilauri kabla ya kuiinua kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Wageni walidhani ni madharau. Mama alichoka kuwaeleza.

Chupa ilipofika mbele yake ilikuwa imeshaogeshwa, na kuogeshwa kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza maji ya vuguvugu. Ukianza na maji ya moto sana, mabaki ya maziwa yanaganda ukutani mwa chupa na kung'ang'ania, na kioo chenyewe, kama kimetoka nje kwenye baridi ya Julai, kinapasuka. Baada ya hapo chupa inazamishwa kwenye maji ya moto yenye kostiki, kemikali kali ya kuoshea, ambayo inayamega mafuta ya maziwa na kuyageuza sabuni. Kisha inasuuzwa, inasuuzwa tena, joto likishushwa hatua kwa hatua, mpaka isibaki hata chembe ya kostiki. Waliofanya kazi upande huo walikuwa na viganja vilivyopauka na kucha laini. Baba alikuwa na doa jeupe kwenye kifundo cha mkono wa kulia, pale tone lilipompata akiwa bado kibarua wa kupakia, kabla hajapandishwa kwenye stuli.

Na kulikuwa na chupa ambazo mashine haikuziweza kabisa: zile zilizowahi kutiwa mafuta ya taa. Kwa macho ni safi, hata ubao wa taa hauzikamati. Lakini mafuta ya taa yana ukaidi wake, na maziwa hunasa harufu haraka kuliko kinywaji kingine chochote ninachokijua. Kwa hiyo kabla chupa hazijaingia kwenye mashine, kulikuwa na mtu wa kuzinusa. Ndiyo, mtu mzima ameajiriwa na analipwa mwisho wa mwezi kwa kunusa chupa. Baba alisema mzee yule alikuwa haruhusiwi kuvuta sigara, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ngumu zaidi, kwa sababu wikendi watu wanatumia chupa kwa mambo mengi.

Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu langu. Soda, kwa kawaida ya miaka mingi, ilinywewa pale pale ulipoinunua: umeegemea kaunta ya duka, mkate mkononi, chupa inarudi kwenye kreti kabla hujafuta mdomo. Ikienda nyumbani inakwenda na dhamana ya pesa. Juu ya hayo ina shingo nyembamba. Ukishamaliza soda, hiyo chupa haina faida kubwa kwako. Chupa ya maziwa ilikuwa kinyume chake kwa kila jambo. Iliingia nyumbani, ililala nyumbani, na ilikuwa na mdomo mpana. Chupa yenye mdomo mpana katika nyumba ya chumba kimoja ni mali. Inaweka uji wa mtoto, samli ya kutoka mashambani, asali, pilipili ya kusaga, mbegu za sukuma, na siku mkebe wa mafuta ya taa ukivuja, inaweka mafuta ya taa. Waliokuwepo wanaikumbuka chupa ya Treetop, ile ya sharubati ya machungwa, jinsi ilivyoendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya sharubati kwisha: ilipimia maziwa, ilipimia mafuta, ilipeleka chai shambani, na kizibo chake kikipotea kilibadilishwa na gunzi la mahindi. Sasa mtarajie mtu wa namna hiyo airudishe chupa nzuri kiwandani kila asubuhi, kwa adabu tu.

Chupa ilirudi vizuri pale ambapo nyumba ilikuwa na vyombo vya kutosha. Kwa maneno mengine, ilirudi kwa wenye nacho.

Shangazi yangu alikuwa yaya Kilimani, kwenye nyumba yenye uwanja na mbwa wawili. Kazi yake ya mwisho kila jioni ilikuwa kusuuza chupa tupu na kuziweka nje kwenye ngazi ya nyuma, pamoja na kikaratasi kilichokunjwa na kutiwa kwenye mdomo wa mojawapo: kesho tatu, au kesho moja, au kesho usilete tunasafiri. Alfajiri zilikuwepo zilizojaa. Shangazi hakuwahi kuongea na mleta maziwa hata siku moja. Waliandikiana kwa vikaratasi tu. Anasema mama mwenye nyumba, kabla ya kitu chochote, aliinua chupa na kutazama mstari wa malai. Kipindi hicho maziwa yaliachwa yajitenge yenyewe, mafuta yakapanda juu na kusimama shingoni, manjano kidogo, na chini yake meupe. Mstari ukiwa chini, malai ni mengi, asubuhi inaanza vizuri. Ukiwa juu sana, simu inapigwa kiwandani.

Kiwanda chenyewe, kile kikubwa kilichokuja kujulikana na kila Mkenya kwa herufi tatu za KCC, kilianzishwa mwaka 1925 na wakulima walowezi, kikianzia Naivasha. Maziwa yaliyojaza chupa hizo yalitoka kwenye ng'ombe wa kizungu, na kwa miaka mingi Mwafrika aliwekewa vizuizi vingi vya kufuga ng'ombe hao kwa biashara, mpaka mpango wa Swynnerton, ule wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulipofungua mlango mwaka 1954. Kwa hiyo ng'ombe walikuwa wa nani, tunajua. Mlango wenye ngazi ya kuwekea chupa ulikuwa wa nani, tunajua pia. Aliyesuuza chupa jioni alikuwa shangazi. Sisemi hivi ili kumharibia mtu picha yake ya WhatsApp. Nasema tu kwamba kwenye picha ile kuna watu wamekatwa.

Sisi tulikaa mtaa wa Jericho, na maziwa yalitufikia mlangoni vile vile, ila si kwa chupa. Alikuwa mtu wa baiskeli, akitokea upande wa Kiambu, mikebe miwili ya alumini imening'inia kushoto na kulia kwenye keria, na ya tatu katikati imefungwa kwa mpira wa tairi. Alifika kabla hakujapambazuka, na sababu haikuwa ubichi wa maziwa peke yake. Mjini, biashara ya maziwa ilikuwa ya kiwanda. Kuuza maziwa mabichi mtaani kulikuwa kujitafutia ugomvi na askari wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, na mkebe ukimwagwa kwenye mtaro, hasara ni yako na ng'ombe wako. Alipiga kengele mara moja tu. Mama alitoka na sufuria, yeye anachota kwa kikombe cha bati chenye mpini mrefu, anamimina, halafu anaongeza kidogo juu ya kipimo. Ile nyongeza ndiyo iliyomfanya awe mtu wetu. Deni liliandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango, vijiti vinne na cha tano kimekatiza, na mwisho wa mwezi kuta zilioshwa.

Aliwahi kututia maji kwenye maziwa? Bila shaka, hasa kiangazi, nyasi zinapokauka na lita zinapopungua lakini wateja hawapungui. Sufuria haina ukuta wa kuona malai. Mama alikuwa na kipimo chake: alidondosha tone kwenye ukucha wa kidole gumba na kuuinamisha. Likiteleza haraka, anampa mtu wa baiskeli jicho. Hakusema kitu. Kesho yake maziwa yalikuwa mazito. Wenye vifaa wangetumia laktomita, ile chupa ndogo inayoelea na kuzama kulingana na uzito wa maziwa, lakini kifaa hicho nacho hudanganywa: mwuzaji mjanja akishaondoa malai, maziwa yanakuwa mazito zaidi kwenye kipimo, kisha anarudisha uzito kwa maji, na laktomita inasema sawa. Ukucha wa mama ulidanganyika pia, lakini jicho lake lilikuwa na athari.

Kuna kisa cha Marekani ninachokipenda, kwa sababu kinamhusu jamaa kama mtu wetu wa baiskeli. Hervey Thatcher, mtu wa duka la dawa katika mji wa Potsdam, jimbo la New York, ndiye anayetajwa mara nyingi kwamba aliifanya chupa ya maziwa iwe biashara, mwaka 1884. Inasimuliwa kwamba alimwona mwuza maziwa akimpimia mteja barabarani, mtoto akadumbukiza mwanasesere wake mchafu ndani ya mkebe, mwuzaji akamtoa mwanasesere, akampa mtoto, na akaendelea kupima. Thatcher akaenda kutafuta namna ya kuyafunga maziwa kabla hayajafika barabarani. Ukweli wa kisa siwezi kuuapia, lakini mkebe ulio wazi naujua. Nimeona nzi, nimeona majani ya nepia yaliyotumika kuzuia maziwa yasirukeruke njiani, na nimekunywa. Tulichemsha, kisha tukachemsha tena.

Chupa iliyofungwa nayo haikuwa na usalama wa milele. Uingereza, ambako maziwa ya mlangoni yaliota mizizi kuliko pengine popote, kuna ndege wadogo wenye kichwa cha buluu waliojifunza kutoboa kifuniko na kunywa malai. Tabia hiyo ilionekana kwanza mwaka 1921 kijijini Swaythling, karibu na Southampton, na baadaye ikaenea nchini. Kilimani, anasema shangazi, aliyeiba malai alikuwa na miguu miwili pia, lakini hakuwa na mabawa.

Na kioo, pamoja na uzuri wake, hupitisha jua. Mwanga huharibu vitamini B2 iliyomo kwenye maziwa na kuyapa ladha isiyopendeza, kwa hiyo chupa iliyosahauliwa kwenye ngazi mpaka saa nne ilikuwa imeshaanza kuharibika hata kama haijaganda. Isitoshe kioo ni kizito. Zile chupa nene za zamani, ukipakia lori, sehemu kubwa ya mafuta unayochoma ni ya kubeba vioo, na jioni unachoma tena kuvirudisha vikiwa vitupu. Mafundi wa Ulaya walikuwa wameanza kuyapigia hesabu hayo mapema.

Hesabu yao ilizaa pakiti ya pembetatu. Kampuni ya Tetra Pak ilianzishwa mwaka 1951 mjini Lund, Uswidi, na Ruben Rausing, kutokana na wazo la fundi wake Erik Wallenberg. Wazo lenyewe ukilielewa unatabasamu. Unachukua karatasi ndefu kutoka kwenye roli, unaikunja iwe bomba, unajaza maziwa ndani ya bomba huku linashuka, kisha unalibana na kulifunga kwa chini ya usawa wa maziwa, mara moja upande huu, mara nyingine kwa kukatiza. Kila mbano unakata pakiti moja, yenye pembe nne, isiyo na hewa ndani. Hakuna kurudisha. Hakuna kunusa. Hakuna mtu kwenye stuli.

Nilipoanza shule, pembetatu zilikuwa zimeshaushika mji. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha mpango wa maziwa ya shule, na hapo ndipo pakiti ile iliingia kwenye damu ya nchi. Maziwa ya Nyayo. Lori likionekana getini hesabu zilikufa hapo hapo. Unang'ata kona, unatema kipande cha karatasi, unafyonza mpaka pakiti inabonyea, kisha unaipuliza ijae hewa, unaiweka chini na kuikanyaga ili ipasuke kwa kishindo. Uwanja mzima ulipasuka kama bunduki, mwalimu wa zamu akawa anafukuzana na hewa. Watoto ambao nyumbani kwao maziwa yalikuwa ya chai ya mgeni tu, sasa walikuwa na pakiti nzima mkononi, yenye joto na ladha ya karatasi. Hakuna chupa ya kioo ambayo ingeweza kufanya kazi hiyo. Hebu wazia chupa za shule zote za msingi nchini, kutoka Vanga mpaka Mandera, zirudi kuoshwa, na mzee mmoja azinuse.

Baba alihamishiwa stoo. Hakufukuzwa, na sikumbuki akilalamika. Stoo ilikuwa kavu, na miguu yake ilikuwa imechoka na sakafu yenye maji. Lakini alikuwa na swali moja alilopenda kuwauliza wageni, hasa vijana waliosoma. Pakiti hizi zikishatumika, anaziosha nani? Wakimjibu kwamba hazioshwi, zinatupwa, anauliza: zinatupwa wapi? Vijana walicheka, kwa sababu wakati huo "kutupa" lilikuwa jambo lililokwisha ukishalifanya. Baadaye Dandora likawa jalala la mji mzima, na karibu kila kilichoshika maziwa yetu na hakikuoshwa, karatasi na nailoni, kimelala kule, na moshi wake unawarudia wanaoishi jirani.

Ukiitazama historia ya maziwa Nairobi kwa jicho la baba, haina mambo mengi zaidi ya hilo: anayeosha ni nani, na analipwa na nani. Wakati wa chupa, kiwanda kiliosha, na gharama ilikuwa ndani ya bei. Wakati wa pakiti, hakuna aliyeosha. Mwaka 1992 serikali ilipofungua biashara ya maziwa, kiwanda kikuu kikapoteza ukiritimba wake wa mjini, kikayumba, kikafika hali mbaya kabisa, mpaka serikali ikakirudisha mikononi mwake mwaka 2003 kwa jina la New KCC. Katikati ya hapo, wenzake na yule mtu wetu wa baiskeli walirudi mitaani mchana kweupe, ila sasa hawakuwa na alumini. Walikuwa na jerikani za plastiki, zile zilizowahi kuwa na mafuta ya kupikia. Jerikani ni nyepesi, ni rahisi, haipondeki ukianguka. Lakini shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii, na ndani plastiki ikishakwaruzika, bakteria wanapata mahali pa kujificha ambapo hata maji ya moto hayafiki vizuri. Ndiyo maana Bodi ya Maziwa, iliyokuwepo tangu 1958, imewasihi wachuuzi miaka yote watumie mikebe ya chuma au alumini yenye mdomo mpana. Mchuuzi anakusikiliza, anakubali, kisha anakuuliza bei ya mkebe.

Halafu zikaja ATM za maziwa. Nazipenda, niseme ukweli. Unatia sarafu au unalipa kwa simu, maziwa yaliyochemshwa kiwandani na kupozwa yanashuka kwenye chombo chako, hata kama una shilingi ishirini tu. Mtu wa kipato cha chini hapati hapo aibu ya kuomba apimiwe kidogo. Lakini angalia foleni, angalia mikononi mwa watu. Chupa ya maji ya plastiki iliyookotwa. Chupa ya soda ya lita mbili. Kidumu kilichokuwa na sabuni ya maji. Chombo sasa ni cha mteja, na kuosha ni kwa mteja, kwenye nyumba ambayo maji huja Jumanne na Ijumaa. Mashine inang'aa chuma cha pua kutoka juu mpaka kwenye bomba, na mwisho wa bomba kuna kidumu. Maziwa yakiganda jioni, mwenye mashine anaapa yalikuwa mazuri, na kwa upande wake hasemi uongo.

Ninapokaa sasa, Kahawa West, tunaletewa maziwa mlangoni. Ni kijana wa pikipiki, anatokea Githunguri, ana mikebe miwili ya alumini na kikombe chenye mpini mrefu, hakika kama ndugu wa yule wa Jericho, isipokuwa deni halichorwi ukutani. Linakaa kwenye simu yake na tunalipa kwa M-Pesa. Tunatoka na sufuria. Anaongeza kidogo juu ya kipimo.

Hivi karibuni mama mmoja wa plot yetu, anayefuatilia sana mambo ya mazingira, alitoa wazo kwamba turudi kwenye chupa za kioo. Kila nyumba inunue mbili, moja inajazwa, nyingine inarudi, tuachane na kutoka na sufuria alfajiri tukiwa na leso. Alituma picha ya chupa zenyewe, nzuri, zina vifuniko vya chuma vya kubana. Kundi zima likafurahi. Mioyo, makofi, "siku zile tulikuwa watu". Kisha mtu mmoja akamwingiza kijana wa maziwa kwenye kundi ili aseme yeye anaonaje.

Kijana alikaa kimya mpaka usiku. Halafu akaandika kwa heshima sana, akianza na shikamoo kwa wazazi wote. Alisema kubeba atabeba, ingawa chupa za plot nzima kwenye pikipiki, kwa ile barabara ya kuingilia kwetu, tusimlaumu zikifika zikiwa nusu. Alisema akirudi nyumbani ni saa tano, ng'ombe wanamngoja, nyasi hajakata. Nani ataosha?

Tukajibu karibu kwa pamoja kwamba kila nyumba itaosha zake. Akauliza: na maziwa yakiganda kwenye chupa ambayo hamkuosha vizuri, nitapigiwa simu mimi au mtajipigia wenyewe? Hakuna aliyejibu hilo kwa muda, mpaka mzee wa nyumba ya chini, aliyewahi kufanya kazi hotelini, akashauri chupa ziwe za kijana, aoshe mkewe kwa malipo, kisha bei ya lita ipande kidogo. Kijana akasema mke wake hajaolewa bado, lakini mamake anaweza, kwa maji ya moto, ilimradi alipwe. Tukakubaliana hata bei ya kuosha.

Tulipokwama ni kwenye pesa ya chupa. Sisi tulitaka shilingi hamsini, kama dhamana tu ya kuonyesha nia njema. Kijana anataka mia mbili, wala hashuki. Ameshaziona zile chupa kwenye picha, anasema, na kwa hamsini hakuna mama atakayezirudisha.